Mji Ukikua, Nani Atapata Kiwanja? Makazi Nafuu na Mipango Miji Njombe na Makambako

Mji unapoanza kukua, maswali ya kwanza kwa wenye mamlaka huwa ni barabara zipite wapi, soko likae wapi na mabomba ya maji yafike mtaa gani. Swali ambalo huja nyuma ya hayo, mara nyingi likiwa limekwisha kupitwa na wakati, ni nani atakayeweza kuishi kando ya barabara hizo na kwa kipato gani. Mazungumzo haya yanahusu kanuni za mipango miji zinazolazimisha swali hilo la mwisho lijibiwe mapema, mchoro wa mtaa ukiwa bado mezani, na yanazitazama kanuni hizo kwa macho ya msikilizaji aliyeko Kidugala, wilayani Wanging'ombe, ambaye miji yake ya karibu ni Njombe na Makambako.

Miji hiyo miwili haikukua kwa bahati. Makambako ilipata uzito wake kutokana na njia: reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilipita hapo, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma ikapita hapo, na katika miaka ya 1980 barabara ya lami ya kwenda Njombe na Songea ikaanzia hapo hapo. Njombe, kwa upande wake, ilikuwa mji wa wilaya uliozungukwa na mashamba ya miwati, chai na viazi mviringo, hadi Machi 2012 ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya uliomegwa kutoka Iringa. Tangu hapo zimeongezeka ofisi, benki na watumishi wanaohamishiwa, na biashara ya mbao na parachichi imeleta fedha pamoja na watu wanaozifuata. Kila moja ya hatua hizo ilipandisha thamani ya ardhi iliyo jirani, ingawa mwenye ardhi hiyo hakuweka reli, hakumwaga lami wala hakutangaza mkoa. Thamani hiyo ililetwa na maamuzi ya umma na kwa fedha za umma, na juu ya ukweli huo ndipo unaposimama msingi wa haki wa kanuni zinazozungumziwa hapa.

Katika mipango miji, ardhi hugawanywa katika kanda, yaani maeneo ambayo kila moja hupewa matumizi yake na masharti yake, kama vile makazi, biashara, viwanda au maeneo ya wazi, pamoja na ukubwa wa viwanja na idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa. Kanuni za makazi jumuishi huongeza sharti moja juu ya hayo: yeyote anayepewa kibali cha kugawa viwanja au kujenga nyumba nyingi katika kanda fulani atenge sehemu iliyotajwa ya viwanja au nyumba hizo kwa ajili ya watu wa kipato cha chini na cha kati, kwa bei au kodi inayolingana na kipato chao. Mara nyingi mamlaka humfidia mwekezaji kwa kumruhusu ajenge zaidi ya kiwango cha kawaida, au agawe viwanja vingi zaidi katika eneo lile lile, ili kile alichopunguza kwenye bei akipate kwenye wingi. Kwa hiyo nyumba nafuu hupatikana ndani ya mtaa mpya wenyewe, na haipelekwi pembezoni peke yake, mbali na kazi, shule na zahanati.

Ili umuhimu wa sharti hilo ueleweke, inafaa kukumbuka kwamba mgawanyo wa kanda uliingia Afrika Mashariki ukiwa chombo cha kuwatenga watu. Dar es Salaam ilianza kuwekewa kanuni za ujenzi na utawala wa Wajerumani mwaka 1891, na chini ya Waingereza mji uligawanywa katika kanda tatu ambazo wakazi walizijua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Maandishi ya kanuni hizo yalizungumzia zaidi aina ya nyumba, vifaa vya ujenzi na ukubwa wa kiwanja kuliko rangi ya mtu. Lakini palipotakiwa nyumba ya mawe yenye uwanja mpana na mfereji wake, yule aliyekuwa na uwezo wa nyumba ya udongo na makuti alikuwa amekwisha kufukuzwa bila jina lake kutajwa. Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika sheria, ila viwango vya ukubwa wa viwanja viliendelea kuchuja watu kimyakimya, safari hii kwa kipato.

Jambo hilo hilo lilifikishwa mahakamani nchini Marekani. Katika mji wa Mount Laurel, jimbo la New Jersey, halmashauri iliweka masharti ya viwanja vikubwa na nyumba za gharama, na familia za Wamarekani weusi zilizokuwa zimeishi hapo kwa vizazi, miongoni mwao ikiwa ya Ethel Lawrence, zikajikuta hazina mahali pa kubaki katika mji wao wenyewe. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba mji hauwezi kutumia mamlaka yake ya kupanga ardhi kuwafungia nje watu wa kipato cha chini, na kwamba kila mji unaokua una wajibu wa kubeba sehemu yake ya mahitaji ya makazi ya eneo zima. Mwaka 1983 mahakama hiyo ikauongezea uamuzi huo nguvu ya utekelezaji, kwa sababu miji mingi ilikuwa imeupuuza. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, ilitunga sheria iliyowataka wajenzi wa mitaa mikubwa kutenga sehemu ya nyumba zao kwa bei nafuu, na kwa malipo yake wakaruhusiwa kujenga nyumba nyingi zaidi katika ardhi ile ile. Utaratibu huo umezalisha zaidi ya nyumba 10,000 bila serikali kuzijenga yenyewe.

Nchi nyingine zimefuata njia zao. Ufaransa, kwa sheria ya Desemba 2000, ilizitaka manispaa za miji mikubwa zihakikishe kwamba nyumba 20 kati ya kila 100 ni nyumba za kodi nafuu, kiwango ambacho kwa manispaa nyingi kilipandishwa hadi 25 mwaka 2013, na zile zinazokaidi hutozwa faini. Karibu zaidi na Tanzania, jiji la Johannesburg lilipitisha mwaka 2019 sera inayotaka kila mradi wa nyumba 20 au zaidi utenge asilimia 30 kwa makazi nafuu, kwa lengo la kurudisha pamoja mji ambao sheria za ubaguzi zilikuwa zimeutenganisha. Kenya imechagua njia tofauti: kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho ili serikali ijenge nyumba. Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa, kwa kuwa ile ya Kenya inamlipisha mfanyakazi, na ile ya kanuni za makazi jumuishi inachukua sehemu ya thamani ambayo ardhi imeipata kutokana na maamuzi ya umma.

Tanzania haijaweka sheria ya nchi nzima inayotaja asilimia ya makazi nafuu katika kila mradi, lakini ina historia ndefu ya kutafuta lengo hilo, na historia hiyo ina funzo ambalo Njombe na Makambako hazipaswi kulipuuza. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na katika miaka yake ya kwanza lilibomoa vibanda na kujenga nyumba mpya, kazi iliyogharimu fedha nyingi na kuwafikia watu wachache. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iligeukia mradi wa viwanja vyenye huduma: badala ya kujenga nyumba, ilipima viwanja, ikachonga barabara, ikafikisha maji, kisha mwananchi akajenga mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni jijini Dar es Salaam zilizaliwa na mradi huo, na awamu zake mbili zilifika katika miji saba, ikiwamo Mbeya na Iringa. Utafiti wa wanauchumi Guy Michaels na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba miongo kadhaa baadaye mitaa iliyopimwa kabla ya watu kujenga ilikuwa na nyumba bora na mpangilio bora kuliko maeneo ya jirani, jambo linalothibitisha thamani ya kupanga mapema.

Lakini ubora huo ulikuwa na upande wa pili. Mitaa iliyokusudiwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini ilipendeza, bei yake ikapanda, wenye fedha wakanunua, na leo hakuna anayeitaja Mikocheni kuwa makazi ya maskini. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002, ulipima maeneo makubwa na kujiendesha kwa fedha za mauzo yake wenyewe, ila wengi waliomudu bei yake walikuwa wa kipato cha kati na cha juu. Haitoshi, basi, kupima viwanja vingi na kuamini kwamba wingi peke yake utamfikia kila mtu, wala haitoshi kutoa kiwanja nafuu mara moja bila sharti linalokilinda kiendelee kuwa nafuu kitakapobadili mikono.

Sehemu kubwa ya makazi mapya ya miji ya nyanda za juu kusini haitokani na makampuni yanayojenga maghorofa, kama ilivyo Johannesburg au Maryland. Hutokana na ugawaji wa viwanja. Halmashauri, kampuni ya upimaji au mtu binafsi huchukua shamba, hulikata viwanja na kuviuza, na kila mnunuzi hujenga kwa tofali za kuchoma na bati kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Kwa sababu hiyo kanuni za makazi jumuishi zinazofaa mitaa kama Lyamkena ya Makambako au Kibena ya Njombe ni zile zinazoshika kalamu wakati wa kuchora mpango kina, yaani mchoro unaoonyesha kila kiwanja, kila njia na kila eneo la huduma katika mtaa mmoja.

Hesabu rahisi ya mfano inaweza kuonyesha jinsi jambo hili linavyowezekana bila kumpora mtu mali yake. Ichukuliwe kwamba eneo fulani, baada ya kutoa barabara na maeneo ya umma, limebaki na mita za mraba 60,000, na kwamba limekatwa viwanja 100 vya mita za mraba 600, kila kimoja kikiuzwa shilingi milioni 6, hivyo mapato yote yakawa milioni 600. Kama kanuni ingetaka viwanja 20 viwe vidogo, vya mita za mraba 300, eneo lile lile lingetoa viwanja 90 vikubwa na 20 vidogo. Vikubwa vingeleta milioni 540, na vidogo, kwa bei ya milioni 3 kila kimoja, vingeleta milioni 60, na jumla ingebaki ile ile ya milioni 600. Gharama itakayoongezeka ni ya kupima viwanja 10 zaidi na kuvifikishia njia na maji, lakini familia 20 ambazo bei ya milioni 6 ingezifungia nje zimepata mahali katika mtaa huo huo, karibu na shule ile ile. Hesabu hiyo inafichua jambo ambalo halisemwi mara nyingi: kiwanja kikubwa kinapofanywa kuwa saizi pekee inayoruhusiwa, ukubwa wenyewe hugeuka ukuta.

Halmashauri ikitaka kwenda mbali zaidi, hasa katika ardhi inayoimiliki au iliyonunuliwa kwa fedha za umma, inaweza kushusha bei ya viwanja vidogo chini ya gharama na kuongeza kidogo bei ya viwanja vya pembeni mwa barabara kuu, ambavyo wafanyabiashara huvigombania. Hiyo ndiyo maana ya wenye uwezo kuchangia wasio na uwezo ndani ya mradi mmoja, bila kusubiri ruzuku kutoka Dodoma.

Hata hivyo si kila mhitaji anatafuta kiwanja. Mpasua mbao anayefanya kazi Makambako kwa msimu, mama anayeuza chakula stendi, dereva wa bodaboda na mwalimu aliyeripoti kazini juzi wanatafuta chumba, na wengi wao hukutana na dalali kabla ya kukutana na mwenye nyumba, kisha hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kanuni ambayo inawatazama wanunuzi peke yao inawaacha watu hawa nje. Kwa hiyo masharti ya kanda yanapaswa kuruhusu waziwazi nyumba za vyumba vya kupangisha katika mitaa mipya, badala ya kuzihesabu kama uchafu wa mji, na halmashauri inaweza kumpa mwenye kiwanja nafuu ya ada za kibali endapo ataingia mkataba wa kupangisha baadhi ya vyumba kwa kodi ya mwezi kwa mwezi, kwa kiwango kilichokubaliwa na kwa muda uliotajwa.

Suala la muda ndilo lililozishinda nchi nyingi. Montgomery yenyewe, iliyosifiwa hapo juu, ilianza kwa kulinda bei ya nyumba nafuu kwa miaka michache tu, na muda ulipokwisha maelfu ya nyumba hizo zikauzwa kwa bei ya soko, mpaka kaunti ikalazimika kurefusha ulinzi huo hadi miaka 30 kwa nyumba za kununua na miaka 99 kwa nyumba za kupanga. Tanzania ina nafasi nzuri ya kuepuka kosa hilo, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwananchi humiliki kwa hati yenye masharti na muda, ambao unaweza kufika miaka 99. Sharti la makazi nafuu linaweza kuandikwa katika hati yenyewe: kwamba mwenye kiwanja hicho atajenga na kuishi au kupangisha, kwamba akitaka kuuza ndani ya kipindi fulani halmashauri iwe na haki ya kwanza ya kununua, na kwamba bei ya kuuzia itakuwa ile aliyonunulia pamoja na thamani ya alichojenga na mabadiliko ya thamani ya shilingi. Jasho la mnunuzi hubaki lake, na faida iliyoletwa na umma hubaki kwa umma ili imfikie mhitaji anayefuata.

Wapo wanaozipinga kanuni hizi, na hoja yao inastahili kujibiwa kwa heshima. Wachumi wengine wanasema kwamba sharti lolote linaloongeza gharama za mradi hupunguza idadi ya miradi, au huhamishia mzigo kwa wanunuzi wengine. Katika miji kama Makambako hatari hiyo ina sura yake ya pekee: kanuni ikiwa ngumu na vibali vikichelewa, mwenye shamba atakata vipande kwa kamba na hatua za miguu, atauza kwa karatasi iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, na makazi holela yataongezeka badala ya kupungua. Jibu la hoja hiyo liko katika urahisi wa kanuni. Asilimia inayotakiwa iwe ndogo mwanzoni na ijulikane kwa kila mtu, miradi midogo sana isamehewe, nafuu ya ukubwa wa viwanja itolewe bila kuombwa, na mchoro uliotimiza masharti upitishwe haraka kuliko ule usiotimiza. Majina ya wanaopata viwanja nafuu nayo yabandikwe hadharani, kwa kuwa mradi wa wanyonge unaogawiwa kwa siri huishia mikononi mwa wenye kujuana.

Kwa msikilizaji wa Kidugala, mambo haya yanaweza kuonekana kuwa ya mjini, mbali na mashamba ya mahindi na viazi. Ukweli ni kwamba yanaanzia kijijini, kwa sababu mji hukua juu ya ardhi ya vijiji, na kijiji kinapotangazwa kuwa eneo la mipango miji, mwenye shamba huwa wa kwanza kukutana na mnunuzi. Shamba hununuliwa kwa ekari na baadaye huuzwa kwa mita ya mraba, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo inayojenga utajiri wa wachache huku familia iliyouza ikisogea mbali zaidi kila barabara inapofika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, na kijiji kina uwezo wa kuandaa mpango wake wa matumizi ya ardhi kabla mji haujafika. Kanuni za makazi jumuishi zikijumuisha ubia, ambamo mwenye shamba hurudishiwa sehemu ya viwanja vilivyopimwa badala ya kulipwa fedha peke yake, familia hiyo itabaki kuwa mkazi wa mtaa mpya uliozaliwa juu ya shamba lake.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na katika mipango miji ubichi huo ni kipindi kifupi kabla ya vigingi vya upimaji kuchomekwa ardhini. Baada ya hapo kurekebisha ni kubomoa, na kubomoa kuna machozi na fidia. Wakazi wa Magomeni Kota jijini Dar es Salaam, familia 644, walisubiri karibu miaka kumi tangu nyumba zao zilipobomolewa hadi walipokabidhiwa nyumba mpya mwaka 2022, na hao walikuwa na bahati ya kuwa juu ya ardhi ya serikali, chini ya ahadi ya serikali.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imezipa halmashauri, zikiwamo za Mji Njombe na Mji Makambako, mamlaka ya kuandaa mipango ya maeneo yao na ya kutoa vibali vyenye masharti, na inataka wadau washirikishwe katika kuiandaa. Hakuna, kwa hiyo, kinachowazuia madiwani wa miji hiyo kuanza na mtaa mmoja: kuchagua eneo moja litakalopimwa karibuni, kutenga viwanja vidogo ndani yake, kuandika sharti la ulinzi katika hati na kutangaza matokeo kwa wananchi. Kazi ya wananchi ni kuhudhuria mikutano ambamo michoro hiyo hufunuliwa, na kuuliza bila woga viwanja vingapi vimetengwa kwa ajili ya mpasua mbao, mama wa stendi na mwalimu mpya, vitauzwa kwa bei gani, na ni kitu gani kitavizuia visiwe mali ya mtu mwingine baada ya miaka mitano. Diwani atakayekuwa na jibu la maswali hayo mchoro ukiwa bado mezani atakuwa amewatendea watu wake haki zaidi kuliko atakayekuja kuwaahidi nyumba wakati ardhi imekwisha.